Heka nne shambani, heka moja kwenye daftari: kisa cha ruzuku ya mbolea

Katikati ya Februari 2023, saa nne asubuhi, simu ya mama mmoja inaita Kimara, Dar es Salaam. Anayepiga ni msimamizi wa shamba lake, yuko nje ya duka la pembejeo wilayani Kilosa, kwenye foleni aliyoipanga tangu alfajiri.

"Shikamoo mama. Mfumo unasema heka moja."

"Marahaba. Mwambie aingize namba tena."

"Ameingiza mara tatu, mama. DAP mmoja, urea mmoja, basi."

Mama huyo ana heka nne za mahindi. Alikuwa ametuma shilingi 560,000 za mifuko minane ya mbolea, DAP ya kupandia minne na urea ya kukuzia minne, kila mmoja 70,000. Msimamizi wake alirudi kijijini na mifuko miwili na chenji ya 420,000.

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeshonwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa watu wanaoishi Dar es Salaam na kulima Morogoro, Pwani au Tanga, wale wanaotaniwa kuwa wakulima wa simu. Bei za mbolea ni za msimu wa 2022/23. Gharama nyingine ni makadirio, na pale yanapotumika tumesema hivyo.

Tuanze na ruzuku yenyewe, maana wengi bado wanadhani ni hela. Mbolea ilipaa bei baada ya janga la korona, na vita vya Urusi na Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vikaipandisha zaidi. Agosti 8, 2022, kwenye Nane Nane ya Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku, na kwenye bajeti ya mwaka huo zilitengwa shilingi bilioni 150. Mfuko wa kilo 50 wa DAP uliokuwa ukiuzwa karibu 131,000 ulishuka hadi 70,000. Urea ilishuka kutoka 124,000 na ushee hadi 70,000. CAN na SA, mbolea nyingine za kukuzia, zikawa 60,000 na 50,000. Msimamizi wa mfumo ni Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA.

Mkulima hapewi senti. Anaandikishwa kwenye daftari la kijiji au mtaa: jina, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), namba ya simu, zao na ukubwa wa shamba. Taarifa zinaingizwa kwenye mfumo, naye anapata namba ya mkulima kwa meseji. Akifika dukani, wakala anaingiza namba hiyo, anasoma alama iliyo kwenye mfuko kwa simu, kisha anauza kwa bei ya ruzuku. Mauzo yakishahakikiwa, serikali inailipa kampuni ya mbolea ile tofauti. Kwa DAP ya mama wa Kimara tofauti hiyo ni kama 61,000, na kwa urea kama 54,000.

Hapo ndipo panapoeleza ukali wa mawakala ambao watu huulalamikia. Mtandao ukikata, wakala hauzi, hata kama stoo imejaa hadi mlangoni na nje kuna watu mia. Akitoa mfuko bila kuusoma, ule ushahidi wa kudai 61,000 haupo, na hasara inarudi kwake. Kumgombeza ni kupoteza pumzi. Ukisikia mtandao unasumbua tangu jana, usipande basi.

Turudi kwenye heka nne. Moja ni ya mama mwenyewe, aliinunua miaka kadhaa nyuma. Tatu amekodi kwa mzee wa pale kijijini, kwa makubaliano ya mdomo, msimu hadi msimu. Septemba 2022 uandikishaji ulipofika kijijini, yeye hakusafiri. Alimpigia msimamizi akamwambia, "Niandikishe." Msimamizi alikwenda kwa mtendaji na namba ya NIDA aliyotumiwa kwa meseji, akataja heka nne. Mtendaji, ambaye anawajua watu wake, akamuuliza zile tatu ni za nani. Mzee alikuwa ameshajiandikisha siku mbili nyuma, na zile tatu zilikuwa kwenye jina lake. Mtendaji akaandika heka moja. Msimamizi hakuona sababu ya kumweleza bosi wake jambo ambalo alidhani litajirekebisha.

Kwa hiyo mfumo haukukosea. Ulitoa kile hasa kilichoandikwa. Heka tatu zilikuwa na ruzuku yake, ila ilikuwa kwa mzee ambaye msimu ule hakupanda hata punje kwenye heka zile.

Ruzuku ya namna hii inamfuata aliye kwenye daftari, na aliye kwenye daftari si lazima awe ndiye ashikaye jembe. Daftari lilijengwa kwa picha ya mkulima anayeishi kijijini na kulima shamba lake. Picha hiyo ni ya kweli kwa wengi. Kwa anayekodi haikai sawa, na wanaokodi ni wengi, wakiwemo vijana wa hapohapo kijijini ambao hawajarithi kitu.

Wala si tatizo la Tanzania peke yake. Marekani, ambako ruzuku za kilimo hupitia ofisi za kaunti, swali la mwenye ardhi na mlimaji ni la zamani, na wameliwekea kanuni. Aliyekodi kwa fedha taslimu ndiye mwenye haki ya malipo, kwa kuwa ndiye anayebeba hasara mvua ikigoma. Wakigawana mavuno, wanagawana na malipo. Kanuni hiyo haijamaliza ujanja, lakini angalau mtu wa ofisini ana cha kushika anapoamua. Mtendaji wetu hakuwa na kitu. Alikuwa na mzee aliyewahi na msimamizi aliyechelewa.

Mzee alifanya nini na haki ya mifuko sita? Hesabu ya ruzuku kwa heka, DAP mmoja na urea mmoja, ni karibu 115,000. Tuseme kodi ya shamba ni 50,000 kwa heka kwa msimu. Maana yake ruzuku inayokaa juu ya heka ile ni zaidi ya mara mbili ya kodi yenyewe, na mzee hahitaji darasa kuliona hilo. Kuna njia tatu. Atapandisha kodi msimu ujao. Au atainunua ile mifuko kwa namba yake na kumuuzia mpangaji wake kwa 95,000, na kila mmoja ajione amepata nafuu. Au ataiuza kwa mtu wa mbali kabisa. Katika kisa hiki ile ya pili ilipendekezwa wazi, na msimamizi akaipeleka Kimara kwa simu kama habari njema.

Mama alikataa, na hapo tunampa haki yake. Mbolea ya ruzuku hainunuliwi ili iuzwe tena, na mfuko una alama inayouonyesha ulitoka kwa namba gani. Siku ukikamatwa barabarani hauna maelezo. Msimu uleule serikali ilikuwa ikipambana na mbolea ya ruzuku iliyokuwa ikivushwa mipaka kwa magendo, na ukaguzi ulikuwa mkali.

Wanaokumbuka vocha za pembejeo, zile zilizoanza 2008 na kwenda hadi msimu wa 2013/14, wataona ni tundu lilelile. Vocha ilikuwa karatasi. Ilibeba karibu nusu ya bei, nusu nyingine mkulima alitakiwa kuichangia mfukoni, na wakala alizipeleka vocha benki ya NMB kulipwa. Kijiji kilikuwa na kamati ya vocha ya watu sita, wanaume watatu na wanawake watatu, na orodha ilipita kwenye mkutano wa kijiji. Lakini mkulima asiye na ile nusu ya kuchangia alifanya nini? Alimuuzia wakala vocha kwa bei ya kutupa, wakala akaipeleka benki kana kwamba mbolea imetoka. Karatasi imeondoka, namba imekuja, na asiye na hela ya mfuko bado ana kitu cha kuuza. Tofauti kubwa ni kwamba sasa biashara hiyo inaacha nyayo kwenye mfumo, kama kuna mtu wa kuzifuata. Na kitu kimoja cha vocha kilikuwa bora: ule mkutano. Mbele ya watu, mzee kudai heka tatu ambazo kila mtu anajua amezikodisha kungeleta minong'ono.

Sasa tufike shambani, maana hasara kubwa ya kisa hiki haikutoka kwa mzee wala kwa mtendaji.

Mama alikuwa na DAP mmoja, urea mmoja, heka nne na 420,000 taslimu. Duka lilikuwa na mbolea isiyo ya ruzuku pia. Mifuko sita kwa bei ya soko, DAP mitatu ya 131,000 na urea mitatu ya 124,000, ni 765,000. Aliona ni wizi. Siku moja kabla alikuwa anahesabu mfuko kuwa 70,000, na akili ikishakaa kwenye 70,000, 124,000 haimezeki. Akaagiza mifuko miwili igawanywe heka zote nne.

Tuangalie hiyo ina maana gani kwenye shimo. Mahindi yakipandwa sentimita 75 kwa 60, punje mbili kila shimo, heka moja ina mashimo karibu 9,000. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukigawanywa humo ni gramu tano na nusu kwa shimo, ambayo ndiyo asili ya ule ushauri wa bwana shamba wa kizibo kimoja cha soda. Ukiugawa mfuko huo kwa heka nne unapata robo ya kizibo. Hakuna kibarua duniani anayepima robo ya kizibo akiwa ameinama juani tangu asubuhi. Anachota kwa vidole vitatu, na vidole vya asubuhi si vidole vya saa saba. Mistari ya kwanza ilipata nyingi, ya mwisho haikupata kitu. Mwezi mmoja baadaye shamba lilijisema lenyewe: kijani kilichokolea upande wa njia, kisha kinafifia kuelekea mtoni, na mwishoni majani ya chini yenye njano inayoanzia ncha na kushuka katikati ya jani. Hiyo ndiyo sura ya njaa ya naitrojeni, kirutubisho kinachoyapa majani kijani.

Ukiwa na mbolea kidogo, kuisambaza kidogokidogo si kosa kwa lenyewe. Dozi ndogo inayowekwa ndani ya shimo mara nyingi hulipa vizuri kwa kila kilo kuliko dozi kubwa, mradi ipimike. Nusu ya kizibo inapimika: unakata kizibo au unatafuta kifuniko kidogo. Kwa hiyo mifuko ile miwili ilitakiwa kwenda kwenye heka mbili zenye udongo mzuri. Na DAP isigusane na mbegu. Weka, fukia kidogo kwa udongo, ndipo udondoshe punje. Ikigusana inaunguza chipukizi, halafu analaumiwa muuza mbegu.

Hesabu ya naitrojeni ndiyo inayoonyesha alipopoteza. DAP ina asilimia 18 ya naitrojeni, kwa hiyo mfuko una kilo 9, pamoja na kirutubisho kingine, fosfeti, kilo 23. Urea ina asilimia 46, yaani kilo 23. Dozi kamili ya heka ni kilo 32. Kwa robo, kila heka ilipata kilo 8, ikapungukiwa 24. Kwa makadirio ya kawaida, kilo moja ya naitrojeni iliyotumika vizuri huongeza kilo 10 hadi 20 za mahindi. Tukichukua 15, heka nne zilikosa kilo 1,440, magunia 14 ya kilo mia. Tuseme gunia ni 80,000 shambani: inazidi kidogo milioni moja na laki moja. Angenunua mifuko sita kwa 765,000, angebaki na faida. Tukichukua 10 badala ya 15, mavuno ya ziada ni magunia kama 9 na nusu, na faida inaisha kabisa. Kwa hiyo hatusemi alitakiwa kununua yote sita. Mvua ya Kilosa si ya kuwekea dhamana.

Alitakiwa kununua urea mitatu tu. Ni 372,000, na ile chenji ya 420,000 ingetosha. Hiyo ni kilo 69 za naitrojeni. Hata kwa makadirio ya chini ya 10, ni kilo 690 za mahindi, yaani 552,000 kwa bei ileile. Fosfeti ingepungua, na kwenye udongo uliochoka hilo lingeuma, lakini shilingi kwa shilingi hapo ndipo palikuwa na nafuu, na hakuna aliyemwambia.

Tukiwa kwenye urea, tugusie kosa la watu wa mjini wanapoagiza kwa simu: kuangalia bei ya mfuko. SA ya 50,000 inaonekana rahisi kuliko urea ya 70,000. Lakini SA ina asilimia 21, kilo kumi na nusu kwa mfuko. Kilo moja ya naitrojeni inakugharimu karibu 4,760. CAN ya 60,000, kwa asilimia 27, ni karibu 4,440. Urea ni karibu 3,040. SA ina kiberiti (salfa) ndani yake, na shamba lenye upungufu wa kiberiti linaihitaji. Asiye na sababu hiyo anabebeshwa mzigo mzito kwa nauli ileile.

Kisha urea ilichelewa. Ya kukuzia inawekwa mahindi yakifika magotini, wiki tatu hadi nne tangu yaote, udongo ukiwa na unyevu, kando ya shina kwa upana wa vidole vinne, na kufukiwa. Hapa mfuko ulikaa stoo hadi mama alipopata nafasi ya kutuma hela ya vibarua, wiki ya saba. Wakamwaga juu bila kufukia, jua kali. Ukipita shamba la namna hiyo mchana unasikia harufu kali puani. Hiyo ni naitrojeni inayoondoka na upepo.

Kulikuwa pia na jambo la simu. Meseji ya namba ya mkulima ilifika kwenye laini ya msimamizi, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa. Msimamizi wa kisa hiki alikuwa mwaminifu. Angekuwa mwingine, mama asingejua hata kwamba ana namba, na mifuko yake miwili ingetoka na kuuzwa kwa jina lake. Laini iandikwe ya kwako, hata kama huishi pale, na namba ikifika umtumie msimamizi siku ya kununua.

Siku hiyo ya kununua, mfuko usomwe kwa simu mbele ya anayenunua, mshono wa mdomo uwe wa kiwandani bila uzi wa rangi mbili, risiti itolewe yenye bei ya ruzuku, na mfuko upande mizani. Wenye shaka na urea wana kipimo cha bure: kiganja kimoja kwenye kikombe cha maji. Urea halisi inayeyuka yote na kikombe kinakuwa baridi mkononi kama kimetoka kwenye friji. Ikibaki michanga chini, umeuziwa michanga. Ikiyeyuka bila ubaridi wa maana, shuku chumvi, na usiionje.

Marekebisho ya daftari yanawezekana, ila si dukani na si Februari. Wakala hana uwezo wa kubadili heka. Mlolongo unaanzia kwa mtendaji wa kijiji lilipo shamba, unapita kwa afisa ugani wa kata, unaishia kwa ofisi ya kilimo ya halmashauri. Kila hatua ina siku zake za "njoo kesho". Mwaka wa serikali unaanza Julai, na safari ya kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi kwenda kusimama mwenyewe mbele ya daftari ni bora ifanyike Julai au Agosti, wakati barabara ni kavu na mtendaji hajaelemewa. Tukadirie nauli na chakula 50,000 kwenda na kurudi. Haifiki hata ruzuku ya mfuko mmoja wa urea.

Na kwa anayekodi, safari hiyo ianzie kwa mwenye shamba. Kodi na ruzuku vizungumzwe pamoja, siku moja, kwa uwazi. Mzee akitaka kodi ya 70,000 badala ya 50,000 kwa sababu anakuachia haki ya kujiandikisha, piga hesabu: unaongeza 20,000 kupata 115,000. Hapo kubali bila kununa. Kisha iandikwe karatasi moja, isiyohitaji wakili, ikisainiwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji:

"Mimi, mwenye shamba, nimemkodisha ndugu huyu heka tatu zilizopo kitongoji hiki, zinazopakana na mto upande wa mashariki na njia ya kwenda shuleni upande wa magharibi, kuanzia Julai mosi hadi Juni 30. Kodi yote nimepokea. Kwa muda huo heka hizi zitaandikishwa kwenye daftari la wakulima kwa jina la aliyekodi, nami sitaziandikisha kwa jina langu wala la mtu wa familia yangu."

Mipaka itajwe kwa vitu vinavyoonekana, maana "heka tatu za mzee" mwaka ujao zinaweza kuwa nyingine. Nakala ziwe tatu: ya mwenye shamba, ya aliyekodi, na ya tatu ibaki kwenye faili la mtendaji, juu kabisa, siku ile daftari linapofunguliwa.